Sahani ya Saba

Mie linki za watu sifungui. Walijue hilo wote wanaonitumia ujumbe wa umeshinda, umechaguliwa, bonyeza hapa. Nina kibanda cha stationari hapa Kibiti, natoa kopi, nachapa barua, naviwekea vyeti plastiki, na zaidi ya yote najazia watu fomu za mtandaoni, maana wengine macho yameshachoka na wengine simu zao ni za kitochi. Nimeona watu wazima na ndevu zao wakilia mbele ya kaunta yangu kwa kubonyeza kitu wasichokijua. Kwa hiyo dada mmoja mtafiti alipoingia kibandani akaniambia ana dodoso lake la mtandaoni, angependa nimsaidie kulifikisha kwa watu wa delta ya Rufiji, nilimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Na anayejaza anapata nini?" nikamuuliza.

"Yeye hapati kitu, dada yangu. Ila kila mtu mmoja akilimaliza, sisi tunatoa mchango. Mwenyewe anachagua: jaketi moja la kujiokolea majini kwa mwanafunzi anayevuka mto kwenda shule, au vitabu, au vyandarua vya zahanati."

Nikacheka, tena kicheko cha kumuudhi mtu. Hakuudhika. Akanieleza kwamba zamani walikuwa wakigawa vocha, watu wakawa wanajaza mbiombio, mtu mmoja mara tatu, majibu ya kubahatisha. Safari hii wameamua anayejibu asipokee, atoe. Nikamwambia, dada, huku deltani watu wameulizwa maswali mpaka wamechoka, kila mwenye daftari anapita anauliza mnakula nini, mnakunywa nini, anaondoka, hatumwoni tena. Leo ndio waulizwe bure na jaketi apewe mtoto wa mwenzao? Akatabasamu, akalipia kopi zake, akaniandikia linki na namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi na kuniambia itafungwa Jumapili ya wiki inayofuata, saa kumi na mbili jioni. Akaenda zake.

Ile karatasi ningeifungia maandazi. Ila neno jaketi lilinikaa rohoni, likakataa kutoka.

Mdogo wangu wa kiume, tuliyenyonya ziwa moja, alikuwa mkata boriti mikokoni. Masika moja mto ulikuja na maji mengi kuliko tulivyozoea, naye asubuhi akaingia mikondoni na mtumbwi wake, hakurudi. Mtumbwi ulikutwa umepinduka, umenasa kwenye mizizi ya mikoko, panga lake bado limefungwa kwa kamba ndani yake. Wanaume wa vijiji vitatu waliacha kazi zao wakamtafuta siku tisa, wakiita jina lake huku na huku. Hatukupata hata kandambili.

Mama akakataa matanga. Watu walishaanza kutandika majamvi, akatoka nje akawaambia, "Nimezika nani mpaka mkae matanga kwangu? Haya, majamvi yenu." Wakayakunja. Jioni ile ile akapika wali, akapakua sahani saba, na ile ya saba akaifunika kwa kawa, akaiweka pembeni ya mlango. "Atakuja na njaa," akasema. Imekuwa hivyo kila siku ya Mungu, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Asubuhi kile kiporo wanapewa watoto, jioni sahani inapakuliwa upya na kawa linarudi juu yake.

Mie nina hasira za karibu, nakiri. Mwaka wa pili nilikwenda kumwona, nikaiona ile sahani, ulimi ukanitoka. "Mama, unamlisha nani?" Hakusema nami siku tatu, na mama yangu ni mtu wa kusema hata na kuku.

Lakini aliyenitia uchungu zaidi ni wifi yangu, mke wa huyo mdogo wangu. Si mke, si mjane. Maalimu wa msikiti wetu alishasema miaka imetosha, aliyepotea asomewe hitma kama wafu wengine na mkewe akae eda, ajue moja. Sasa nani asome hitma ya mtu ambaye mama yake mzazi anasema yu hai, na chakula chake kimefunikwa pale mlangoni? Na wifi mwenyewe hakutaka. Siku moja aliniambia akiwa anaosha vyombo, hata uso hakuinua, "Mama akisema ndiyo, nami nitasema ndiyo. Siwezi kumuua mwanawe, wifi, mwenyewe akiwa hajamuua." Binti yule aliolewa mbichi kabisa, na ujana wake ulikuwa unaishia kwenye neno moja la mama yangu.

Wana watoto watatu. Mkubwa ni wa kike, yuko darasa la tatu, na kila asubuhi anapanda mtumbwi na wenzake kuvuka maji yale yale kwenda shule. Ndiyo maana jaketi lilinikaa rohoni.

Nikafunga kibanda wiki nzima, nikapanda bodaboda mpaka Nyamisati, nikapanda boti kwenda kwa mama deltani.

Nilimkuta mama shambani, maana mpunga ulikuwa umeanza kuzaa. Sisi wa Rufiji msimu huo tunahamia kwenye madungu. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, unapanda kwa ngazi, na familia nzima inakaa humo ikilinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Na kwa kudura za Mungu, sehemu ile yote mtandao unashika juu ya dungu la mama peke yake. Ukishuka ngazi tatu, umekata. Watu wa kule wanajua hivyo. Mwenye shida ya kupiga simu huja kwa mama, anapiga hodi, anapanda, anazungumza na watoto wake walioko Dar, anashuka.

Nikamweleza mama habari ya dodoso. Nilimweleza haraka haraka, kwa ubishi, nikijua atasema watu hao wanatupotezea muda. Akanisikiliza mpaka mwisho, mkononi ana kombeo la kufukuzia ndege.

"Hiyo ni sadaka," akasema.

"Ni mchango wao, mama."

"Wanautoa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya aliyejibu. Asipojibu hawatoi."

"Basi ni sadaka yake huyo aliyejibu. Kwani sadaka lazima iwe kitu cha mfukoni? Wewe unatoa maneno yako ya kweli, Mungu anayageuza jaketi." Akasimama ukingoni mwa dungu, akapaza sauti kwa jirani wa shamba la pili. "Ee! Mwambie na mwenzio! Kesho njooni mtoe sadaka kwangu!"

Nikaguna. Nilijua hatakuja mtu.

Asubuhi yake nakunywa chai juu ya dungu, naona safu ya wanawake inakuja juu ya tuta la mpunga, mmoja nyuma ya mwingine. Kanga safi, za kutokea, zilizofukizwa udi. Harufu ilinifikia kabla yao. Nikashtuka. Nikamuuliza mama kuna msiba wapi. "Msiba gani, wamekuja kwako hao," akasema, akaanza kukunja mikeka kuwapa nafasi. Wa kwanza akapanda, mikono bado inachuruzika maji. Ametia udhu! Akakaa, akavuta kanga vizuri kichwani, akasema bismillahi, kisha akaniambia, "Haya mwanangu, uliza."

Jamani. Mie nimejaza fomu za watu miaka na miaka. Nimejaza za ajira, za mikopo, za kuomba pasi. Mtu anaongeza elimu, anapunguza umri, anajizulia anwani, nami naandika tu, maana kazi yangu si kuhukumu. Sikuwahi kuona mtu anaogopa kuidanganya fomu. Wale wanawake waliogopa. Mmoja nilimuuliza umri wake akashuka ngazi, akaenda mashamba mawili mbele kumuuliza dada yake, akarudi anahema. Mwingine alipoulizwa maji ya kunywa anachota umbali gani, alikataa kukisia. Alinilazimisha nishuke tuhesabu hatua pamoja. Nikaenda! Mimi huyu, na jua lile, nahesabu hatua mpaka kisimani.

"Bibi, sema kiasi tu," nilikuwa nawaambia, uvumilivu ukinipungua.

"Kiasi ndo nini?" wananijibu. "We waweka kiasi kwenye swala?"

Siku ya pili mambo yakazidi. Wakaja wanaume kutoka mikondoni, wakata boriti na wavuvi, wameoga, wamevaa kanzu na kofia. Pawabenki yangu ikaisha, mtu mmoja akaja na betri ya sola mgongoni ili kazi isisimame. Na mzee mmoja niliyemjaza siku iliyotangulia namwona anarudi. Amepiga kasia mkondo mzima ule. Akapanda ngazi taratibu, akakaa, akaniambia, "Jana uliniuliza siku saba hizi nimekula samaki mara ngapi. Nikasema tatu. Nimelala nikakumbuka. Mara ya tatu walikuwa dagaa tulipewa na jirani. Wahesabika hao?"

"Shikamoo, mzee. Dagaa ni samaki, imeshapita hiyo."

"Imepita kwako. Mie sadaka yangu nataka iende safi. Muulize mwenyewe."

Ikabidi nimpigie yule mtafiti, mzee amekaa ananisubiri. Mtafiti akasema dagaa wanahesabika, na akaniomba nimwambie mzee ahsante sana. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Mzee akaitikia, akashuka, akapiga kasia kurudi kwao.

Na mwisho wa dodoso kuna kitufe cha kutuma. Hakuna hata mmoja aliyekubali nikibonyeze mimi. Wanafuta kidole cha mkono wa kulia kwenye nguo, wananyosha, wanabonyeza wenyewe. Na wakifika pale pa kuchagua jaketi au vitabu au vyandarua, wananiambia, "Geuka huko." Nageuka! Wanachagua kwa siri, maana anayetoa sadaka hajitangazi. Mie nimegeukia mpunga, nyuma yangu nasikia pumzi ya mtu anayefikiri mtoto gani amsaidie ambaye hamjui, na mwili unanisisimka wote. Subhanallah, nilisema moyoni. Nimezaliwa na watu hawa, nimekula vyungu vyao, na sikuwa nawajua.

Mama ndiye aliyekuwa akiwapokea, akiwapa maji, akiwapanga nani apande kwanza. Yeye mwenyewe hajajaza. Kila nikimwuliza ananiambia wageni kwanza.

Ikafika Jumapili. Alasiri watu wakaisha. Mama akaswali, akapanda, akakaa mbele yangu kwenye mkeka, magoti yanagusana na yangu. Chini ya dungu, karibu na ngazi, wifi alikuwa anapepeta mpunga wa mwanzo. Ungo wake nausikia, shaa, shaa. Jua bado lipo, saa moja hivi imebaki kabla linki haijafungwa.

"Bismillahi. Uliza."

Tukaenda vizuri. Shamba, maji ya chumvi yanayoingia shambani, maradhi, yote akajibu. Kisha nikasoma swali lililofuata, na hapo ndipo niliposikia ninachokisoma. Siku nne nilikuwa nimewauliza watu swali lile lile, na sikuwahi, hata mara moja, kufikiri kwamba litafika kwa mama yangu.

"Katika nyumba yako, watu wangapi wanakula chungu kimoja?"

"Saba," akasema mama.

Chini ungo ukanyamaza.

Ningefanyaje? Nikaandika saba. Dodoso likafungua nafasi saba, moja kwa kila mtu. Tukaanza. Wa kwanza yeye mwenyewe. Wa pili mdogo wake, mama yetu mdogo, anayekaa naye. Wa tatu wifi. Wa nne, wa tano, wa sita, watoto. Tukafika wa saba.

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume."

"Umri?"

"Thelathini na moja. Mwezi wa mfungo mosi anatimiza thelathini na mbili."

Alikuwa anaihesabu miaka yake. Miaka yote ile alikuwa anaihesabu.

"Jana alilala hapa?"

"Hapana."

"Ni muda gani hajalala hapa? Chini ya wiki moja, chini ya mwezi, chini ya miezi sita, zaidi ya miezi sita."

Akasema, "Hilo la mwisho."

Nikalibonyeza, na maandishi mekundu yakatokea katikati ya simu. Nikayasoma kimya kimya, nikaiweka simu mapajani, kioo chini.

"Imesemaje?"

"Mtandao mbaya, mama."

"Soma."

"Mama..."

"Soma, mwanangu. Mie si mtoto."

Nikasoma. "Mtu huyu hahesabiki kuwa mmoja wa nyumba hii. Tafadhali rudi urekebishe idadi."

Mungu anisamehe, nilikasirika. Si kwa mama. Kwa ile simu, na kwa mtu aliyekaa mahali penye feni akaandika sentensi ile bila kujua itakuja kusomwa juu ya dungu gani, mbele ya mama gani. Nikamwambia mama, sauti chini, ili wifi asisikie, "Ngoja niweke chini ya wiki moja. Itapita. Jaketi litatoka, na hakuna atakayejua."

Mama akanitazama. Nimewahi kutandikwa na mama yangu, nimewahi kutukanwa, lakini sijawahi kutazamwa vile.

"Wee mtoto," akasema. "Watu wote hawa umewaweka hapa siku nne wanatafuta ukweli wao mpaka wa dagaa. Mie ndo nitoe ya uongo? Mjukuu wangu avae uongo aingie nao majini?"

"Basi tuache, mama. Si lazima."

"Nani kasema tunaacha?"

Akainuka. Akashuka ngazi moja moja, akampita wifi bila kumwangalia, akaenda juu ya tuta mpaka mwisho wa shamba, pale mpunga unapokutana na mkondo. Akasimama ameyakabili maji. Nilikuwa naona mgongo wake tu, na kanga inavyopeperuka. Sijui alisema nini pale, wala sitajua. Simu inaniambia zimebaki dakika arobaini, kisha thelathini, kisha ishirini na tano. Chaji inashuka. Wifi ungo ameushika mapajani, hapepeti, haniangalii. Nikaona mama anainama, anachota maji kwa viganja, ananawa uso, mikono mpaka kwenye viwiko, anapaka kichwa, ananawa miguu. Ametia udhu upya, kwa maji yale yale.

Akarudi. Akapanda. Akakaa pale pale, magoti kwa magoti.

"Andika sita."

"Sita, mama?"

"Sita ndo wanaokula. Usinirudishe nyuma."

Nikafuta saba, nikaandika sita. Dodoso likakubali, likaenda mbele. Maswali yaliyobaki yalikuwa ya kuku na mbuzi, akayajibu. Tukafika pale pa kuchagua, nikaanza kugeuka. Akanishika bega. "Kaa. Jaketi." Nikabonyeza jaketi.

Kulikuwa na kitu kimoja cha mwisho, ambacho watu wengi walikipita au walikiacha wazi. Ukipenda, mchango huu utolewe kwa jina la nani.

Mama akavuta pumzi.

"Andika marehemu," akasema.

Sikuweza kuiona simu, machozi yalikuwa yamenijaa. Akasubiri mpaka nijifute. Kisha akalitaja jina la mwanawe, na la baba yake, na la babu yake, taratibu, moja baada ya lingine, vile linavyotajwa kaburini mtu anapoagwa. Nikaliandika lote. Akafuta kidole kwenye kanga, akabonyeza mwenyewe. Ile duara ikazunguka, ikazunguka, nikainua simu juu kwa mikono miwili kutafuta mtandao, nikisema ya Rabbi, ya Rabbi, mpaka ikatulia.

"Imesemaje?"

"Imesema asante, mama. Imepokelewa."

"Amin," akasema.

Wifi ndiye aliyelia. Nilikuwa nimemsikia akicheka, nikamsikia akiimbia watoto, lakini kilio chake sikuwa nakijua, na kilipotoka kilitoka chote cha miaka minne, ndege wote wakaruka mpungani. Mama akashuka. Akakaa chini kwenye makapi, akakivuta kichwa cha mkwewe kifuani, akavua kanga yake ya juu akamfunika. "Lia, mwanangu," nikamsikia anamwambia. "Nimekuchelewesha. Nisamehe, nimekuchelewesha." Nami juu ya dungu nikaliachia, mtu mzima, simu mkononi, nalia kwa sauti.

Jioni ile mama alipakua sahani sita. Ile ya saba akaiosha, akaikausha, akaifudikiza kwenye uchaga na vyombo vingine. Kawa akalitundika ukutani. Kesho yake majamvi yale yale yaliyokunjwa yakatandikwa, watu waliotoa sadaka zao wakarudi na kanga zao za udi, na maalimu akasoma hitma. Wifi akakaa eda.

Nimerudi kibandani kwangu, naendelea kujaza fomu za watu. Linki bado sifungui ovyo. Lakini kuna siku mtu ananiambia nimwongezee kidogo hapa, nimpunguzie kidogo pale, nami vidole vinagoma, namkumbuka mzee wa dagaa.

Majaketi yalikuja baada ya miezi miwili hivi, mafurushi kwa mafurushi kwenye boti, rangi ya machungwa. Yule dada mtafiti aliyaleta mwenyewe. Nami nikaenda kushuhudia. Wifi alikuwa bado ndani ya eda, hatoki, kwa hiyo mama ndiye aliyempeleka mjukuu bandarini asubuhi ile. Watoto walipanga mstari, kila mmoja akavishwa lake. Yote yalikuwa sawa sawa. Hayakuwa na majina wala alama, na nilimsikia mtafiti mwenyewe akimweleza mwalimu kwamba yamenunuliwa kwa pamoja, haiwezekani kusema lipi limetokana na nani.

Mama alipiga magoti kwenye matope, akawa anamfunga mtoto mikanda.

"Bibi, hili nani kanipa?"

"Kakupa baba'ko."

Mtoto akageuka haraka, akaangalia huku na huku kwenye watu. "Baba kaja?"

Nikafungua mdomo. Mie siwezi kuona jambo halijakaa sawa nikanyamaza, kila mtu Kibiti anajua. Nilikuwa na maelezo yangu yote tayari, ya mchango na mafurushi na ununuzi wa pamoja.

"Baba haji, mjukuu wangu," mama akasema. "Baba kafa. Hili kakupa."

Nikaufunga mdomo. Mama akavuta mkanda wa kifuani mara moja zaidi kuona kama umekaza, kisha akamwachia apande mtumbwi.